Kable ya picha na waya wa batri: kuunganisha mashine ya DVD kwetu Masisi na Walikale



Mwanafunzi wa Goma akisikia mtu anaongea juu ya DVD, anacheka. Kwake filamu iko ndani ya simu. Lakini ukishaacha Sake na kuanza kupanda milima ya Masisi, ao ukishaingia mu msitu upande wa Walikale, mtandao unabakia pale mlingoti ulipobakia, na diski inaendelea kufanya kazi yake. Diski haiombi megabaiti. Inasafiri ndani ya mfuko pamoja na chumvi na sabuni, kwa moto ao kwa gari, na ikifika Nyabiondo, Pinga ao Njingala, inaonyesha kile ilionyesha mu mji. Njo maana parokia nyingi, vituo vya afya, koperativa za wakulima na vyumba vya sinema ku machimbo bado viko na mashine ya DVD. Nyingi za hizo mashine ziko pia na tundu la USB, kwa hiyo hata asiye na diski anachomeka kifunguo chake na kazi inatembea.

Kisha kuna jambo moja kila mwenye lisanse analijua. Ukifika kijijini, wewe ni msomi, basi unajua kila kitu. Mimi nilisoma kilimo, lakini swali la kwanza naulizwa mara mingi haliko la mihogo. Ni: “Agronome, hii tele yetu inakataa picha, unaweza kuiangalia kidogo?” Wewe wa sheria utaulizwa hivyo hivyo, na wewe wa sosholojia pia. Kwa hiyo andiko hili ni juu ya kable: ipi inaingia wapi, ipi ni kupoteza franka, na kwa nini waya ambao watu wanaudharau njo unazima mashine.

Nianze na sababu ya kuona hili jambo kuwa la maana. Tangu mwaka 2001 Masisi iko na ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule unaoletwa na bakteria ya Xanthomonas. Mkulima anautambua kwa macho: majani yanageuka njano na kunyauka, kitovu kile cha dume kinakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati na bila mpango, na ukikata ndizi unakuta ndani kuna rangi ya kahawia kama kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache unatoka utomvu wa njano. Sasa fikirini mumekusanya wakulima makumi sita ndani ya chumba cha shule, mumewasha filamu inayofundisha hizo alama, na tele inaonyesha picha nyeusi na nyeupe. Njano imekuwa kijivu. Kahawia imekuwa kijivu. Mugomba mgonjwa na mugomba uliopigwa na jua vinafanana. Watu wanarudi nyumbani wakisema wameona sinema, na kesho mtu anapitisha panga moja kutoka mugomba mgonjwa hadi mzima. Kosa lote linaweza kuwa kichwa kimoja cha kable kilichoingia mu tundu lisilo lake.

Kanuni ya kwanza: usiende Birere kununua kable mbele ya kugeuza mashine zako. Geuza tele, geuza mashine ya DVD, angalia matundu ya nyuma na ya ubavuni, kisha yapige picha na simu. Kable inachaguliwa na matundu mawili, lile la mashine na lile la tele. Muuzaji haichagui, na bei haiichagui. Mtu anayesema tu “nipe kamba ya DVD” atapewa ile iko karibu na mkono wa muuzaji, na kurudi Goma kubadilisha kutoka Walikale haiko safari ya kufanya juu ya kable.

Matundu mutakayoyakuta mara mingi ni yale matatu ya rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Kable yake iko na vichwa vitatu kila upande. Wengi wanajua kwamba rangi inafuata rangi, lakini si wote wanajua kila moja inabeba nini. Njano inabeba picha yote, mwangaza na rangi zikiwa zimechanganywa ndani ya uzi mmoja. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kuume. Ukielewa hivyo, unaweza kutafuta kosa kwa akili: sauti iko na picha haiko, angalia njano, picha iko na sauti inatoka bafle moja tu, angalia nyekundu na nyeupe. Na kama tele yako ya zamani iko na matundu mawili tu, njano na nyeupe, usihangaike kutafuta kable ya pekee. Chomeka nyeupe, acha nyekundu ikining'inia. Utasikia upande mmoja wa sauti, na kwa maongezi ya filamu ya mafundisho mara mingi hiyo inatosha.

Jambo lingine wauzaji hawalisemi: kwa kable fupi ya mita moja na nusu, hizo rangi ni rangi za plastiki tu. Ndani, nyuzi tatu zinafanana karibu kabisa. Kama uzi wa njano umekatika, chukua nyeupe uifanye njano huku na huku, na picha itakuja. Tofauti inaanza kuonekana kable ikiwa ndefu, mita tano ao zaidi. Hapo uzi wa picha unapaswa kuwa mnene, ulioviringishwa na matundu ya shaba yaliyosukwa kama kikapu, ili kelele za umeme wa nje zisiingie. Kable ndefu na nyembamba inaleta kivuli, mistari inayotembea, na rangi zinazofifia. Kwa hiyo, weka mashine karibu na tele, usivute picha toka pembe moja ya chumba hadi nyingine.

Sasa ile picha nyeusi na nyeupe. Sababu ziko tatu, na moja tu kati yao ni ya kable.

Mashine mingi za DVD ziko na matundu mengine matatu pembeni: kijani, buluu na nyekundu. Hizo pia ni za picha, lakini hapo picha imegawanyika: kijani inabeba mwangaza, buluu na nyekundu zinabeba rangi. Ukichukua kichwa cha njano ukakitia mu tundu la kijani la mashine, kisha upande wa tele ukakitia mu njano, tele inapokea mwangaza peke yake. Picha inakuja safi, inatulia, lakini haina rangi. Kosa hili ni rahisi kulifanya juu matundu ya nyuma yanajipanga yakifanana, na chumba kiko giza. Tena kuna nyekundu mbili nyuma ya mashine moja, moja ya picha na moja ya sauti. Ukichanganya hizo, unasikia mngurumo ao hausikii kitu. Mu tele mpya mpya unaweza kukuta tundu moja limepakwa kijani na njano pamoja. Hilo halina shida, limetengenezwa kwa kupokea yote mawili.

Sababu ya pili ni mfumo wa rangi. Diski zingine zimetengenezwa mu mfumo wa NTSC, unaotumika Marekani na Japani, wenye picha ya nukta 720 kwa 480. Zingine ni PAL, 720 kwa 576. Tele ya zamani isiyojua NTSC inapokea picha ikiwa nyeusi na nyeupe, ao picha inapanda na kushuka bila kusimama. Hapo hata ukinunua kable kumi, utabakia palepale. Chukua telekomande ya DVD, ingia mu reglaji, tafuta mahali pameandikwa PAL, NTSC na AUTO, uchague PAL, kisha uanzishe diski upya. Ya tatu ni ndogo: mtu alipunguza rangi mu reglaji ya tele mpaka sifuri. Watoto wakishika telekomande, hilo linatokea.

Na kwa kuwa tuko mu reglaji: mashine iko na mahali pengine pa kuchagua tundu la picha. Kama imewekwa kutoa picha kwa matundu ya kijani, buluu na nyekundu kwa namna inayoitwa mara mingi “P-Scan”, ile njano inaweza kutoa picha iliyovurugika ao isitoe kitu. Kwenye telekomande zingine kuna kifungo chake cha pekee, na kidole kikikigusa kwa bahati mbaya, picha inapotea palepale. Watu wanasema mashine imekufa. Haijakufa. Kibonyeze tena. Kwa upande wa tele pia, lazima uchague mlango: AV1, AV2 ao HDMI, kwa kifungo cha “Source” ao “Input”. Nimeona mashine nzima inabebwa ku fundi na kumbe tele ilikuwa inangojea picha ku AV2.

Kuna tele za okazioni zinazotoka Ulaya, zile nzito zenye tumbo, ambazo nyuma ziko na tundu kubwa refu lenye meno 21. Wafaransa wanaliita Peritel, wengine Scart. Kama hakuna matundu ya rangi, nunua kile kipande cha plastiki kinachoingia mu Peritel na mbele kiko na matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. Angalieni kitu kimoja: kipande kizuri kiko na kidude kidogo cha kusukuma, chenye maandishi IN na OUT. Mashine ya DVD inapeleka picha ndani ya tele, kwa hiyo sukuma ku IN. Kikiwa ku OUT hakuna kitakachoonekana, na muuzaji hatakukumbusha. Vipande vingine havina kidude hicho, vimetengenezwa kwa upande mmoja tu, na vile vya kutoa tu havitakusaidia.

Tuje ku HDMI, juu hapa njo franka nyingi zinapotelea.

HDMI ilitoka mwisho wa mwaka 2002. Kichwa chake ni kipana, chembamba, chenye meno 19 ndani, na kable moja inabeba picha na sauti pamoja. Tofauti kubwa na zile za rangi ni kwamba picha inapita ikiwa hesabu, moja na sifuri, kama vile faili inavyopita toka kifunguo hadi kompyuta. Basi kable ya HDMI haiongezi uzuri wa picha. Ikifanya kazi, inatoa picha ileile sawa na kable ya bei kubwa. Ikiwa mbovu, utaiona waziwazi: nukta zinazomulika kama mchanga mweupe, picha inayokatika kwa sekunde kisha inarudi, ao giza kabisa. Katikati hakuna. Muuzaji akikuambia hii ni ya dhahabu, rangi zake ni nzito kuliko za ile nyingine, anakuuzia maneno. Dhahabu ku vichwa inafanya kazi moja tu, kuzuia kutu, na kwa hewa yenye maji ya Walikale hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni faida ya miaka, haiko faida ya picha.

Halafu maandishi ku sanduku: 4K, 8K, 2.1. Muyaache. DVD yenyewe haipiti nukta 720 kwa 576, na hata HDMI ya kwanza kabisa ilikuwa inapitisha 1920 kwa 1080 bila shida. Kununua kable ya 8K kwa diski ya DVD ni kukodisha Fuso ya kubeba kilo mbili za viazi. Mashine nyingi zenye HDMI zinaweza kunyoosha picha ifikie 1080, na ku tele kubwa inaonekana laini kidogo, lakini kile ambacho hakikuwa ndani ya diski hakitazaliwa njiani. Na zile diski zinazouzwa zikiwa na filamu kumi ao ishirini ndani yake, zimebanwa mpaka nyuso zinakuwa vipandevipande. Hapo hakuna kable itakayosaidia.

Kwa hiyo, kama tele na mashine zote mbili ziko na HDMI, nunua ya kawaida ya mita moja na nusu ao mbili, na mambo yameisha. Mtego uko pale ambapo upande mmoja una HDMI na mwingine hauna. Mu maduka kuna kable inayouzwa na upande mmoja kichwa cha HDMI, upande mwingine vichwa vitatu vya rangi. Inaonekana kama jibu la sala. Tele za watu na mashine za DVD, haifanyi kazi. Upande mmoja unaongea hesabu, upande mwingine unaongea mawimbi, na waya mtupu hauwezi kutafsiri, sawa vile barua ya Kifaransa haiwi Kiswahili juu umeipitisha mu bahasha. Anayetafsiri lazima awe na akili ndani yake, yaani kisanduku kidogo chenye umeme wake wa volti 5, kinachokula ku tundu la USB la tele ao ku chaja ya simu. Ukiona kitu hakina sanduku na hakina mahali pa kuingiza umeme, kirudishe mezani kwa muuzaji.

Visanduku hivyo navyo viko viwili, na vinafanana kama mapacha. Kimoja kinachukua HDMI na kutoa rangi tatu, kingine kinachukua rangi tatu na kutoa HDMI. Ukiwa na mashine ya zamani ya rangi tatu na tele mpya yenye HDMI tu, unahitaji kile cha pili. Ukiwa na mashine mpya yenye HDMI tu na tele ya tumbo, unahitaji cha kwanza. Kusema ukweli, mashine nyingi za DVD zenye HDMI bado ziko na rangi tatu pembeni, na tele nyingi za bapa pia, kwa hiyo mbele ya kununua kisanduku, tafuteni tena. Mara zingine lile tundu limejificha ubavuni chini ya kifuniko cha mpira. Zingine ziko na tundu dogo la duara kama la kisikilizio cha simu, limeandikwa AV. Hilo linaomba kable yenye jaki moja upande huu na vichwa vitatu upande ule. Hapo mjue kwamba kila kiwanda kinapanga pete za jaki kwa namna yake. Ukisikia mngurumo mkali na picha haiko, usitupe kable: badilisha vichwa, jaribu nyekundu mahali pa njano, kisha nyeupe. Mara mingi moja kati ya zile tatu itatoa picha.

Hapo nimemaliza kable za picha, na kama tungekuwa mahali penye umeme wa ukuta siku zote, ningeishia. Lakini vijiji vingi vya Masisi na Walikale vinaishi na pano ya jua na batri ya 12, ao jenereta ndogo. Na hapa njo ninaona watu wanafanya kinyume: wanalipa sana kwa HDMI ya dhahabu, kisha umeme wote wa chumba wanaupitisha mu waya mwembamba wa taa, ule wa nyuzi mbili nyekundu na nyeusi.

Tufanye hesabu pamoja, haihitaji mtu wa polytechnique. Tuseme tele ndogo ya volti 12 inakula wati 30, na mashine ya DVD wati 10. Jumla ni 40. Gawanya kwa 12, unapata ampea 3,3. Batri iko nje ku chumba cha mlinzi, mita sita kutoka ku tele. Umeme unaenda na unarudi, kwa hiyo waya ni mita 12. Shaba ya mita moja yenye unene wa milimita mraba moja inapinga umeme kwa omu 0,0175. Ukitumia waya wa milimita mraba 0,5, upinzani ni 0,0175 mara 12 gawanya kwa 0,5, yaani omu 0,42. Mara ampea 3,3, unapoteza volti 1,4 njiani. Batri ikiwa nusu, iko na volti kama 12,2. Inayofika ku tele ni 10,8. Tele nyingi za volti 12 zinajizima hapo, ao taa yake inawaka na kuzimika. Watu wanasema batri ni mbovu, wanachanga kununua nyingine.

Rudia hesabu ileile na waya wa 2,5: upinzani unashuka hadi omu 0,084, na hasara ni chini ya volti 0,3. Batri ileile, tele ileile, filamu inafika mwisho. Ao sogeza batri ifike mita mbili tu kutoka ku tele, na hata waya wa 1,5 utatosha. Huo ni ushauri usiolipiwa: fupisha mbele ya kunenepesha.

Mkitumia konvertisere, ile inayogeuza 12 kuwa 220, hesabu inageuka. Ku upande wa 220, wati 40 ni chini ya ampea 0,2, kwa hiyo ralonge ya kawaida inaweza kuwa ndefu bila hasara ya kuonekana. Basi konvertisere ikae karibu kabisa na batri, na waya mrefu uwe ule wa 220. Wengi wanafanya kinyume, wanaacha batri mbali na kuvuta 12 mpaka ku konvertisere iliyo chini ya tele. Tena konvertisere za bei rahisi zinatoa umeme wa ngazi ngazi, na huo unaingia mu sauti kama nyuki: mmmmm. Mbele ya kulaumu kable ya rangi tatu, itenge na waya wa umeme, zisilale pamoja njia nzima, na kama lazima zikutane, zipishane kama msalaba. Mara mingi nyuki anapungua. HDMI yeye hasikii huo mngurumo ndani ya kable, lakini ampli yako inaweza kuusikia kwa njia nyingine.

Kuhusu waya wenyewe, si kila kinachong'aa rangi ya shaba ni shaba. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Unauzwa kama 2,5 na unabeba kama 1,5, juu aluminiamu inapinga umeme karibu mara moja na nusu kuliko shaba. Chukua kisu, kwangua uzi mmoja: ukiwa mweupe ndani, umejua. Tena huo unavunjika haraka ukiukunja mara kadhaa, na mahali pa kufungia unapata joto. Unene unaoandikwa ku ngozi ya plastiki pia hauaminiki wakati wote. Plastiki nene inaweza kuficha nyuzi sita nyembamba kama nywele. Fungua ncha, uhesabu.

Kitu ambacho sikubali kiachwe ni fuzi. Batri ya gari ikigusishwa waya mbili, inaweza kutoa ampea mia nyingi kwa mara moja, na waya unageuka mwekundu mbele mtu hajafika mlangoni. Chumba cha mbao, nyasi juu, watoto wamekaa chini, mlango mmoja: hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya. Weka fuzi ku waya wa chanya, karibu na batri, isiyozidi shubiri moja toka ku kichwa chake. Kwa tele na DVD tulizosema, ya ampea 5 inatosha. Ikikatika, tafuta sababu. Usiifunge na karatasi ya sigara inayong'aa, ile desturi ya machimbo njo inachoma nyumba.

Na kwa mashine ndogo za DVD zinazoingiza 12 moja kwa moja: angalia mchoro karibu na tundu, duara dogo lenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Unakuonyesha kama chanya iko katikati ao pembeni. Ukigeuza, mara mingi hakuna moshi wala kelele. Mashine inanyamaza tu, na haitaongea tena. Angalia pia namba ya volti: ile iliyoandikwa 9 haitaki 12, na batri inayochajiwa na pano mchana inapanda hadi volti 14.

Kama franka ni chache, mpango wangu ni huu: kwanza fuzi na waya mnene mfupi, kisha kable ya rangi tatu ya kawaida na moja ya akiba, na HDMI kama matundu yapo. Ile ya akiba si anasa. Mu Walikale hewa ina maji mwaka mzima, vichwa vinaota ukijani, na picha inaanza kurukaruka. Pangusa na kitambaa chenye alkoli kidogo, zungusha kichwa mara mbili tatu ndani ya tundu likiwa halina umeme. Mu Masisi baridi ya ukungu inafanya vilevile, tena panya wa ghala la mahindi wanapenda plastiki laini. Kable ikilala, iviringishwe kwa duara kubwa kama kamba ya ng'ombe, isikunjwe kwa nguvu karibu na kichwa, juu pale njo nyuzi zinakatika zote. Mukisafiri, kable itangulie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na diski, na majina ya matundu yaandikwe ku karatasi inayobandikwa nyuma ya tele. Siku ile wewe hauko, mtoto wa kidato cha pili atasoma na kuunganisha, na filamu ya migomba itaonyesha njano yake.